Malkia Aliyefunga Lango

Kama hukutaka kugombana, Jumatatu asubuhi usingekanyaga kibandani kwa Mama Pindo. Huyu alikuwa fundi cherehani, hakuwa na mtoto wa kumzaa, na jina hilo alilipata kwa kukunja pindo za sketi na suruali za watu miaka thelathini na moja. Mkono mwepesi, mdomo mwepesi zaidi. Ukimpelekea suruali ya kupunguza unapimwa kiuno huku unaulizwa kama jana uliiona tamthilia, na ole wako useme ulilala.

Tamthilia yenyewe ilikuwa ya malkia na majitu, na watu wanaopanda ndege wakubwa kama nyumba. Kila Jumapili jioni sehemu moja, na Jumatano saa tisa alasiri inarudiwa. Kilichowatoa watu mapovu ni kisa kimoja tu. Jeshi la vivuli linakuja, malkia anafunga lango la ngome, na nje amebaki mdogo wake wa tumbo moja, anakimbia, bado hatua hamsini afike. Je, alikuwa na haki?

Mwalimu wa hesabu, mteja wa siku nyingi, alisema malkia alikuwa na kijiba cha roho tangu utoto, alitafuta tu nafasi. Muuza mkaa wa jirani alisema watunzi wameishiwa, hakuna cha kijiba wala nini. Mama Pindo aliwajia juu wote wawili, sindano mdomoni.

"Ndani mna watu elfu nne! Afungue ili vivuli viingie? Hakuwa na la kufanya. Acheni kumsingizia mtoto wa watu!"

Lakini mpinzani wake hasa hakuwa pale. Alikuwa mdogo wake, Kitinda, mwalimu wa chekechea katika mji ulio mwendo wa saa sita kwa basi. Mama yao alipofariki, Mama Pindo alikuwa na miaka kumi na saba na Kitinda minne. Akamlea kwa cherehani hiyo hiyo, akamsomesha kwa pindo za watu, mpaka mtoto akawa mtu mzima mwenye mdomo kumshinda dada yake. Kila Jumapili, tamthilia ikiisha tu, simu inalia.

"Dada, umemwona muuaji wako?"

"Shika adabu yako. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningesubiri. Hatua hamsini kitu gani, Dada? Ningesubiri."

Watabishana hapo mpaka salio liishe, na hakuna aliyewahi kumkubalia mwenzake hata nukta. Raha yao ilikuwa hiyo. Na walikuwa na sheria moja, nzito kuliko zote: hakuna kumwaga mtama. Mwaka mmoja Kitinda alimwambia dada yake jinsi mchawi mzee atakavyokufa, kabla dada hajaona. Mama Pindo alimnunia siku tisa nzima. Tangu hapo, ambaye hajaona hapokei hata simu ya mwenzake mpaka aone, maana Kitinda kujizuia hawezi.

Basi, Jumapili ya sehemu ya mwisho, transfoma ya mtaa ikaungua. Mtaa mzima giza, watu wanalia kama wamefiwa. Mama Pindo akamwandikia mdogo wake: "Sijaona. Ole wako."

Jumatatu asubuhi simu ikalia. Akaona jina, akakata huku anacheka. Ikalia tena, akakata tena. Kisha ukaingia ujumbe wa sauti, wa dakika mbili.

"Mnamwona huyu?" aliwaambia wateja. "Mtama unamwasha mkononi!" Akaitupia simu kwenye kopo la vifungo. Mwalimu wa hesabu, ambaye aliona kwa shemeji yake, alipofungua mdomo tu akaambiwa aufumbe au ushonwe.

Jioni akaletewa maneno matatu: "Dada, sikiliza basi." Akajibu: "Subiri Jumatano." Likarudi jibu: "Haya, Dada." Jumanne Kitinda hakupiga, na Mama Pindo akamsifu kwa watu kwamba sasa amekua.

Jumatano adhuhuri umeme ukarudi. Saa tisa kibanda kilijaa mpaka watu wakakalia mabunda ya vitambaa. Na tamthilia, jamani, ikampa Mama Pindo ushindi wa mchana kweupe! Ikaonyeshwa kwamba lile lango lingengoja hata pumzi moja, wale elfu nne wangekwisha wote, na mdogo mtu mwenyewe ndiye aliyepiga kelele kutoka nje, "Funga!" Mama Pindo aliruka, akapiga vigelegele, akamtaka mwalimu aombe radhi mbele ya kadamnasi. Kisha akaichomoa simu kwenye kopo la vifungo, akaongeza sauti mpaka mwisho, akaiinua juu ili kila mtu asikie Kitinda akisalimu amri.

"Dada. Haya, umeshinda, malkia wako hana kosa. Cheka kwanza."

Kibanda kizima kikacheka.

"Umemaliza? Sasa nisikilize. Nina uvimbe tumboni, nimekuficha tangu mwezi wa pili. Wananipasua Jumatano asubuhi. Sikutaka kukuandikia, ungeshtuka uko kwenye mashine ukajichoma. Naogopa, Dada. Njoo unishike mkono wakati naingia, kama siku ile niliyong'olewa jino. Kuna basi la Jumanne saa kumi na mbili asubuhi. Ukishindwa, si neno. Nitajua hukuwa na la kufanya."

Muuza mkaa akazima televisheni. Mama Pindo akapiga, na simu ikapokewa na mwanamke mwingine, mwalimu mwenzake Kitinda. Alikuwa analia. Alisema Kitinda hakutoka salama, alikata roho saa nne asubuhi. Alisema jana mchana kutwa alikuwa anauliza kama basi la asubuhi limefika.

Akazikwa, na Mama Pindo akarudi kushona, kwa sababu ndiyo kazi anayoijua. Miezi ikapita, tamthilia ikaanza kurudiwa tangu mwanzo. Siku ya lile lango ikafika. Mwalimu wa hesabu, kwa huruma tu, maskini, akaona amliwaze.

"Ulisema kweli, mama. Malkia hakuwa na la kufanya."

Mama Pindo alikata uzi kwa meno, akaikunjua sketi, akaanza kuipiga pasi.

"Yeye hakuwa nalo," alisema. "Mimi nilikuwa nalo, mwalimu. Nilikuwa nimekaa hapa hapa, nacheka."