Nusu Kidonge cha Yudith

Jumanne, tarehe 12 Novemba 1974, manyunyu yalianza alfajiri. Magreti alifungua kopo la vidonge vya kifafa vya binti yake Yudith, akakuta kimebaki kimoja. Zahanati ingempa vingine Ijumaa.

Tangu washushwe kutoka milima ya Vidunda kuja kijiji cha ujamaa, watu wazima hawakupata usingizi. Magreti alijua vidonge vile humlegeza Yudith, ndipo usiku mmoja akampa shangazi yake mwenyewe, Fausta, nusu. Fausta akalala fofofo, akasimulia kisimani. Majirani wakaanza kubisha hodi, kama wanaoomba chumvi, na Yudith naye akawa anapewa nusu.

Jumanne hiyo Fausta alirudi tena.

"Shikamoo, shangazi. Leo sina."

"Marahaba. Shamba letu sote, jembe letu sote, usingizi uwe wako peke yako?"

Magreti akacheka kwa aibu, akatoa kile cha mwisho.

Alhamisi mchana, kifafa kilimwangusha Yudith kwenye mafiga, mkono wa kulia ukaungua mpaka kiwikoni. Pale zahanati Magreti alikiri kugawa vidonge, na mganga Donati akafunga bandeji na kutoa vipya.

"Dawa hii haipunguzwi ovyo, mama. Na hao uliowagawia wataizoea, wasilale bila hiyo."

Asubuhi ya Ijumaa Fausta alikuja, macho mekundu kwa kukesha. Safari hii hakutania.

"Nusu tu, mwanangu."

Magreti alimwamkia. Kisha akammezesha Yudith kidonge kizima, akafunga kopo, akalifundika kwenye pindo la kanga yake, akaenda shambani.