Boti Iliyonguruma Bila Kusonga

Juzi pale Kiambere, boti ya kutuvusha bwawa ilinguruma kama lori mlimani, lakini haikusonga. Abiria wote tukageuka mafundi.

"Hiyo ni plagi," mwalimu mmoja akasema, akitazama saa.

"Wameweka maji kwa petroli!" akapinga mama wa maembe.

Boti hii haina pangaboi la kuisukuma majini. Inafyonza maji chini na kuyarusha nyuma. Dereva akazima injini, akapapasa pale chini, akakuta wavu wa samaki umeziba tundu la kufyonzea maji. Akachomoa kisu.

"Kijana wangu, usikate," akasema mzee mmoja kati yetu abiria. "Ni wangu, na sina mwingine."

Kisu kikarudi mfukoni. Mzee akaanza kufungua, fundo moja moja. Mwalimu akavua viatu, akaingia majini, akamshikia ncha. Saa hakuitazama tena.