Jeep ya Baba Mkwe

Jumamosi ya kwanza baada ya matanga kwisha, marafiki wawili wa marehemu mume wangu walikuja nyumbani kwetu, mtaa wa Saio mjini Bunia, wakasimama nje ya lango. Mmoja ni mwalimu wa hesabu, mtu mwembamba mwenye Coccinelle ya zamani, kigari cha mgongo wa kobe, ambayo sakafu yake imeliwa na kutu mpaka abiria anaona barabara chini ya miguu yake. Wa pili anashona bashi, yale maturubai ya kufunika malori. Huyo hana gari na hajawahi kuwa nalo. Anapenda tu magari ya zamani, kama wengine wanavyopenda mpira. Kila mmoja alikuwa na sanduku lake la vyuma vya ufundi mkononi.

Walikuwa wakija kila Jumamosi kwa miaka mingi, kwa hiyo nilijua wanachotaka. Wao ndio hawakujua namna ya kukisema.

«Shemeki,» mwalimu akaanza, «siye hatujue kama ni vizuri kuja. Lakini kubaki nyumbani kulitushinda.»

«Kama unaona bado, tunarudi,» fundi wa bashi akaongeza. «Hatutakasirika.»

Niliwaambia waingie. Nafikiri niliogopa ukimya. Wiki nzima nilikuwa kazini, kwenye wodi ya wazazi, na huko hakuna ukimya. Lakini Jumamosi katika nyumba yetu ilikuwa na sauti yake: nyundo, chuma kuanguka kwenye saruji, wanaume kubishana juu ya kitu ambacho mimi sikukiona. Sauti hiyo ilipokatika nilihisi kama mtu aliyeondolewa ukuta mmoja wa nyumba.

Gari lenyewe lilikuwa chini ya kibanda cha mabati, kando ya jiko. Ni Jeep ndogo, ya rangi ya kijani iliyopauka, yenye kioo cha mbele kinacholala. Ilikuwa ya baba mkwe wangu. Aliinunua kwa mzungu mmoja mwenye shamba, huko Djugu, zamani kabla sijaolewa, akabebea maziwa na viazi, na mara nyingine wagonjwa. Vita vilipokuja, familia ilikimbia na Jeep ikabaki. Watu wakaiba magurudumu na taa. Baadaye mume wangu alienda kuitafuta, akaikuta ndani ya migomba imefunikwa na majani makavu, akaipandisha kwenye lori mpaka Bunia. Hayo ndiyo niliyoyajua. Baba mkwe sikumkuta hai, na juu ya kifo chake mume wangu alisema neno moja tu: vita. Hapa kwetu neno hilo linatosha, kwa hiyo sikuuliza zaidi.

Miaka yote ya ndoa yetu sikuikalia ile Jeep hata mara moja. Haikuwa chuki. Mimi nilikuwa na mambo yangu, yeye alikuwa na chuma chake. Ilikuwa inawaka, inanguruma vizuri, lakini ikitembea kidogo inazimika. Ukiiacha ipumzike inawaka tena kama hakuna lililotokea. Wenzake walimwambia mara nyingi abadilishe moteri nzima, aweke ya gari jipya. Alikataa. «Ninataka hii hii itembee,» alikuwa akisema.

Jumamosi ile ya kwanza hawakufanya mengi. Walifungua kapo, kile kifuniko cha moteri, wakaangalia, wakafunga. Nikawaletea chai. Wiki iliyofuata mwalimu aliniita kwa sauti ya aibu.

«Shemeki, karburateri haiko mahali pake. Tunazani marehemu aliitoa kabla ya kulazwa. Hauijue kwenye iko?»

Nilijua. Ilikuwa kabatini kwangu jikoni, ndani ya kopo la maziwa, imefungwa na kitambaa cha kikwembe changu cha zamani. Nilikuwa nimeisogeza mara nyingi nikitafuta chumvi. Nilipoitoa ilinuka mafuta, na kwa kitambo nilishindwa kuiachia. Mwalimu alingoja mikono yake ikiwa wazi. Hakuniharakisha.

Waliirudisha mahali pake, kisha wakahitaji mtu wa kukanyaga pedali wakati wao wakisikiliza. «Ingia weye,» fundi akasema. Nikaingia. Kiti kilikuwa kimebonyea upande wa kushoto, namna mume wangu alivyokuwa akikaa, akiegemea nje kidogo. Nikajikuta na mimi nimeegemea vile vile. Nikakanyaga. Moteri ikawaka, na mtetemo wake ukapanda mpaka kwenye meno.

Tangu siku ile sikubaki tena jikoni Jumamosi. Nilijifunza majina ya vitu, nikajifunza kusikiliza. Kazini kwangu tunaweka pembe kwenye tumbo la mama tusikie moyo wa mtoto, na sikio linazoea kutofautisha. Hilo lilinisaidia kidogo, ingawa mara nyingi nilisikia vibaya na wale wawili wakanicheka. Tulibadilisha waya, tukabadilisha pompi ya mafuta, tukafunga bomba kwa kitambaa kibichi tukidhani linachemka. Bado ilizimika. Tuliitoa mpaka barabara kubwa tukairudisha kwa kusukuma, nikiwa nimevaa suruali ya marehemu, na majirani waliosimama kuangalia hawakuficha mshangao wao. Mama mmoja wa kanisani aliniuliza kama sijapata kazi ya maana zaidi ya kufanya. Nikamwambia hapana, sijapata.

Mwishowe mwalimu akasema tutoe tanki. Kwenye Jeep hiyo tanki liko chini ya kiti cha dereva, na mume wangu hakuwahi kulitoa, sijui kwa nini. Pengine kwa sababu mafuta yalikuwa yanatoka vizuri kila alipojaribu. Tulipoling'oa na kumulika ndani, tuliona kutu imebambuka vipande vipande, kama magamba ya samaki. Fundi ndiye aliyeeleza: gari likitembea, vile vipande vinavutwa mpaka mdomo wa bomba na kuuziba. Likisimama, vinaanguka chini, njia inafunguka.

Tukatia kokoto na maji ndani ya tanki, tukalitikisa. Ni kazi ya watu wawili, kila mmoja ameshika upande wake. Mwalimu na fundi walianza, wakachoka, nikaingia mimi. Lilikuwa na mlio kama kayamba kubwa. Fundi akaanza kufuata mlio kwa miguu, kwanza kwa mzaha, kisha kwa bidii, na mwalimu, ambaye sijawahi kumwona akicheza hata kwenye harusi, akazungusha mabega. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tumzike. Maji yaliyotoka yalikuwa mekundu kama udongo wa huku. Tukarudia, yakatoka mekundu, tukarudia tena mpaka yakaanza kuwa safi.

Jeep ilikuwa imeshatembea Jumamosi kadhaa bila kuzimika siku shemeji yangu alipofika. Ni mdogo wa mume wangu, mwanaume mwenye mvi sasa. Alikuwa ameishi kwenye kambi ya wakimbizi, kisha akarudi kujaribu kulima upande wa Iga Barrière. Alitusalimia, akakataa kiti.

«Nilikuja juu ya hii gari,» akasema. «Iko ya baba. Kaka amekufa, sasa ni juu yangu.»

«Ni kweli,» nikasema. «Unataka kuipeleka nyumbani?»

«Hapana. Ninataka watu wa vyuma vikuukuu waikate. Iishe.»

Wale wawili waliacha kazi. Fundi alikuwa akijaribu bashi mpya juu ya vyuma vya paa. Akaishusha polepole, akaikunja. Kwa desturi yetu shemeji alikuwa na haki yake. Mimi nilikasirika. Nilitaka kumwuliza alikuwa wapi wakati kaka yake analala hospitalini. Lakini nilimwangalia usoni, nikaona hakuwa na ubishi wa mtu anayedai mali. Hakuiangalia Jeep hata mara moja tangu aingie.

«Ilikukosea nini?» nikamwuliza.

Ndipo akakaa. Aliongea akiangalia mikono yake.

«Asubuhi ile ya kukimbia, kaka alikuwa kwa volani, yeye ndiye aliendesha. Baba hakuweza kukimbia, mguu wake ulikuwa mubaya. Tulimupandisha. Gari ikatembea kidogo, ikazimika. Kaka akaiwasha, ikaenda mpaka kwa migomba, ikazimika tena. Tulisukuma. Bunduki zilikuwa zinakuja. Baba akasema muende, ikiwaka nitawafuata mimi mwenyewe. Kaka akakataa. Baba akamukalipia, hakuwa anakalipia watu. Tukaenda. Hakutufuata.» Akainua macho, akaniangalia. «Kaka hakukuambia?»

Nilitikisa kichwa. Niliishi na mtu yule miaka yote ile. Nilimwona kila Jumamosi akilala mgongo chini ya kile chuma, nikidhani ni mchezo wa wanaume. Sijui kama siku ile ilikuwa ni kutu ile ile. Hakuna mtu atakayejua. Lakini nilielewa kwa nini hakutaka moteri nyingine.

Mwalimu ndiye aliyeuliza, kwa upole, «Unapenda uisikie kwanza?»

Shemeji akainuka. Nikaingia, nikawasha. Alisimama mbele, akaweka kiganja juu ya kapo. Tukangoja. Kisha nikafungua mlango wa upande wa pili, na baada ya kusita sana akapanda. Tulishuka mpaka bulvari, barabara kubwa ya mji, tukaenda upande wa uwanja wa ndege, tukageuza. Kila penye kilima kidogo niliona vidole vyake vikikaza ukingo wa kiti. Haikuzimika. Tuliporudi nyumbani alibaki amekaa ndani hata baada ya mimi kushuka, akilia bila sauti, na sisi watatu tukaenda jikoni kumwachia nafasi.

Alikula nasi, bugali na sombe ya majani ya muhogo. Habari ya kukata vyuma hakuirudia, wala sisi hatukumkumbusha. Alilala kwetu. Asubuhi alipokuwa akijiandaa kwenda kutafuta pikipiki ya kumrudisha, nikamwambia nitampeleka mimi.

Njia ya Iga Barrière siipendi. Kuna sehemu za kuviziwa ambapo watu hawaongei, wanaangalia tu mbele. Lakini jua lilikuwa limeshapanda na malori ya bidhaa yalikuwa njiani, na mwalimu na fundi walikaa nyuma na vyuma vyao, tayari kwa lolote. Hakukuwa na la kutengeneza. Tulisimama mara moja tu, kwenye kizuizi cha askari. Askari alikuwa kijana. Aliizunguka Jeep, akagusa kioo kinacholala, akaniangalia mimi kwenye volani, kisha akamgeukia mwanaume aliyekaa kando yangu, kama wafanyavyo wanaume.

«Hii muzee ya gari,» akasema, «iko ya nani?»

Nilikuwa nimefungua mdomo kujibu. Shemeji akanitangulia.

«Ya baba yetu,» akasema. «Huyu ni bibi ya kaka yangu. Yeye ndiye anaiendesha.»

Askari akainua mti wa kizuizi, tukapita.