Papa wa Beseni Moja

Nilikulia Chome, ambako bahari tuliijua kwa harufu ya papa mkavu tu. Aliyempandisha papa huyo mlimani, kafungwa kwenye gunia, alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, na makande ya Jumapili bila kipande chake tuliyaona ni adhabu. Kwa meza yake ya papa katika soko la Same alinilea na kunisomesha. Kwa hiyo nilipopata kazi kwenye utafiti wa kumlinda papa, ndugu walicheka mpaka wakatokwa machozi.

Utafiti wenyewe ulimhusu papa nyundo, yule mwenye kichwa kipana, ambaye anazidi kuadimika kwa sababu anavuliwa haraka kuliko anavyozaa. Kabla ya kukaushwa huko pwani hukatwa kichwa na mapezi. Akifika Same amekuwa kipande kama vipande vingine, na hata muuzaji hamjui. Ni maabara tu inayoweza kumtambua, kwa kinyama cha ukubwa wa ukucha. Kazi yangu ilikuwa kuvikusanya vinyama hivyo, kila meza na kichupa chake, ili tujue mzigo upi umetoka wapi.

Shangazi aliogopa. Aliniuliza wazi itakuwaje nyundo akikutwa mezani kwake, je, watamfunga yeye? Nikamweleza kwamba hatukuja kumkamata mtu. Alinisikiliza kwa ile heshima ya mtu asiyeamini. Meza ile ndiyo iliyomlisha yeye na wajukuu aliobaki nao baada ya binti yake kufariki. Niliona aibu kumbembeleza, lakini nikaendelea kumbembeleza.

Mwishowe akakubali kuzungumza na wenzake. Nikamwachia vichupa, mimi nikashuka Kihurio kuangalia soko la huko. Niliporudi nilikuta vichupa vyangu vimepangwa vizuri, vitupu, na kando yake beseni la plastiki lenye vinyama vya meza zote, vimechanganywa kama mahindi na maharage.

Hasira zangu ziko karibu. Hapo hapo nilimwuliza kama anajua alichokiharibu. Wauzaji wa jirani wakajifanya wanafukuza nzi.

Alingoja nimalize. "Hujaniamkia," akasema.

Nikamwamkia. Akaitika marahaba, ndipo akaendelea: "Huu ni msaragambo, mwanangu. Kila mmoja kaleta chake. Ikitoka mbaya, isiwe ya mtu mmoja."

Msaragambo kwetu ndio uliolima mashamba ya wajane na kuchimba mifereji. Kijiji kizima hutoka na majembe, na hakuna anayeulizwa kapiga jembe mara ngapi. Nilimpenda sana shangazi yangu saa ile, na bado nilitaka kulia kwa ajili ya vichupa vyangu.

Mkuu wangu wa kazi alinuna, kisha akaamua tupime hivyo hivyo. Tungejua nyundo yupo au hayupo, hata kama tusingejua ni wa nani.

Alikuwepo. Majibu niliyapeleka mwenyewe, na shangazi aliuliza jambo moja tu.

"Ni wangu?"

Nikamwambia sijui, na hakuna atakayejua. Akazitazama meza za wenzake, upande huu na upande ule.

"Basi ni wetu," akasema.

Wiki iliyofuata walimwambia dereva wa lori linalotoka Tanga, wote kwa pamoja, kwamba papa asiye na kichwa chake hawamshushi. Dereva alicheka, akaondoka na mzigo wake kwenda kuuuza mbele. Siku ya gulio nilikuta kila meza ina dagaa tu, na wateja wa kuhesabika. Wajukuu wa shangazi walikuwa wamekaa chini ya meza wakila makande matupu.

Akaniuliza nyundo hubeba mimba kwa muda gani. Nikamwambia kama sisi, pengine zaidi kidogo, tena huchelewa sana kuanza kuzaa. Alipanga mafungu ya dagaa. Nilidhani atanilaumu, na ningeona ni haki yake.

"Mwambie mkuu wako afanye haraka kutuambia mzigo upi hauna nyundo," akasema, akinionyesha chini ya meza kwa kidevu. "Sisi tutamngojea huyo samaki. Hawa hawajui kungoja."