Imparfait ya ku Kinu

Mi nilifika mwaka wa pili wa masomo, kiisha vita ikanitoa. Kwa hiyo Kifaransa changu ni bonjour, merci, na oui, ile oui ya kuitika wakati sijasikia muntu anasema nini. Kwa miaka mingi imenitosha.

Mujukuu wangu, mutoto wa binti yangu, niko naye hapa mujini Baraka tangu alipoachishwa ziwa. Ni mutoto wa akili. Sisemi vile juu ni wangu. Nasema vile juu nimeona batoto wa majirani.

Mwaka huu alikuwa mwaka wa sita. Mwalimu aliwaambia kila mutoto atasimama mbele ya wenzake aseme kitenzi cha Kifaransa katika imparfait, kutoka mwanzo mupaka mwisho, bila kusoma popote. Mwenye kushindwa hatapelekwa kwenye mutihani wa serikali, atarudia mwaka. Na ku nyumba yetu hakuna kurudia. Mujomba wake, kijana wangu wa kwanza, analima kule Lubondja, na alikuwa ameshasema wazi: mutoto akianguka, atakuja kumuchukua, juu mikono inakosekana shambani. Nimeona batoto waliochukuliwa vile. Bado wako na jembe mupaka leo.

Siku moja tukiwa tunatwanga sombe, nilimuuliza hiyo imparfait ni kitu gani. Akasema ni ya mambo ambayo muntu alikuwa anayafanya zamani, kila siku, bila kuhesabu. "Kama we na babu, nyanya. Mulikuwa munasema." Nikamwambia hapana, babu yako alikuwa analala, mi njo nilikuwa nasema. Akacheka mupaka muchi ukamuponyoka. Basi hiyo, akasema, ni je parlais.

Hapo njo tulianzia. Kila akirudi masomo, tunasimama huku na huku ya kinu, kila mumoja na muchi wake, majani ya muhogo katikati. Yeye anashusha muchi: je parlais. Mi nashusha wangu. Yeye: tu parlais. Mi nashusha. Kinu chenyewe kilikuwa kinamuitikia. Jirani yetu, mama mumoja wa Burundi aliyekimbilia huku zamani, alisema siku moja sombe yetu itamusalimia bonjour ndani ya tumbo. Nikamwambia hiyo sombe haitasema na kila muntu. Mi nilikuwa nimejaa majivuno kabisa. Hata ku soko, mbele ya bamama wa kuuza samaki ya ndagala, nilishaanza kutangaza kwamba mujukuu wangu anaongea imparfait kama muntu anakunywa maji.

Kiisha siku yake ikafika. Alirudi, akatupa mufuko, akakataa kula. Nilimutoa maneno kidogo kidogo. Alisimama mbele, akasema je parlais, ikaishia hapo. Halafu mikono yake ikaanza yenyewe kupanda na kushuka, bila muchi, bila kinu, mbele ya darasa nzima. Kijana mumoja akapiga kelele kwamba huyu anatwanga, na wote wakavunjika na kicheko. Tangu pale wanamuita Mama Sombe. Mwalimu si muntu mubaya: alimwambia arudi siku ya tano, mara ya mwisho.

Nilimukalisha ku kiti, nikamuwekea mikono juu ya magoti, nikamwambia aseme vile, bila kutikisika. Je parlais. Tu parlais. Kiisha akaniangalia. Na mi nikalitafuta lile neno lenye linafuata. Nilikuwa nimelisikia kupita jina langu mwenyewe, lakini sikulipata.

"Kumbe we njo ulinifundisha vibaya," akasema.

Nimeshapiga batoto kofi kwa maneno madogo kuliko hayo. Siku ile sikunyanyua hata kidole.

Siku ya tano asubuhi nilibeba kinu changu ku kichwa mupaka kwa yule mama wa Burundi, juu uwanja wake unagusana na ua wa masomo, na madirisha ya darasa lake hayana vioo. Akauliza kama kwangu kumekosa nafasi ya kutwangia. Nilipomueleza, alicheka mupaka akakaa chini, kiisha akaniletea majani ya shamba lake.

Nikasikia batoto wanaitwa, mumoja mumoja. Nikasikia jina lake. Nikashusha muchi. Je parlais. Nikashusha. Tu parlais. Alikuwa anakuja vizuri, mutoto wangu, alikuwa amenisikia. Il parlait. Nous parlions. Nikanyanyua muchi kwa ile inafuata, na direkteri, mukubwa wa masomo, akatokea ku ua, mikono nyuma ya mugongo.

"Mama, pole, batoto wako ku mutihani. Acha makelele."

Alisema kwa heshima. Muchi ulibaki juu. Nikiushusha, nimemukaidi direkteri. Nikiacha kuushusha, nimemutupa mutoto. Ndani kukawa kimya, kiisha nikasikia kicheko cha kwanza, kile kidogo chenye kinatangulia vingine. Sikuwa na neno la kumurushia kupitia dirisha. Nikamuomba Mungu kwa Kibembe, juu kwa Kibembe ananisikia upesi.

Vous parliez. Sauti ilikuwa ndogo, kama ya muntu anavuka muto akikanyaga jiwe kwa jiwe. Kiisha: ils parlaient.

Sikujua kama ni sawa ao ni kosa. Nitajua wapi? Mama wa Burundi njo alinitoa muchi mikononi.

Walitoka saa sita. Alikuja polepole, akaniambia mwalimu amekubali, atamupeleka ku mutihani wa serikali. Nilikuwa nangoja neno lingine, hata merci.

"Nyanya, juu ya nini uliacha?"

"Direkteri alinikataza."

"Mi nilizani umechoka. Nikasema, nyanya amezeeka, acha nimalize peke yangu."

Akanyanyua kinu, akakiweka ku kichwa chake, akatangulia. Mi nikafuata na muchi.

Jioni tulimalizia ile sombe. Alitwanga kinywa kimefungwa, na mi sikujaribu kumwambia aseme.