Lumbesa ya Maji

Harufu ya majani ya kabichi yanayooza kwenye ukungu ndiyo Mgeta ya utoto wangu. Baba alilima mteremkoni na kujaza magunia ya lumbesa, yale yanayorundikwa hadi juu ya mdomo ndipo yafungwe kwa kamba, maana wachuuzi wa Dar hawakutaka gunia lililokaa sawa. Kwetu kujaza kulikuwa heshima. Mwaka niliomaliza darasa la saba, shule moja ya bweni mjini Morogoro ilitoa nafasi moja kwa tarafa yetu: angeipata mtoto ambaye roketi yake ya chupa, ile inayorushwa kwa maji na hewa ya pampu, ingeruka juu kuliko zote. Niliitaka nafasi ile mpaka chakula kikanishinda. Nikiikosa, lililonisubiri ni jembe.

Mwalimu wetu wa sayansi alisema, "Msukumo unapeleka juu, uzito unavuta chini. Toa uzito kwenye msukumo. Kinachobaki ndicho kinachoiharakisha roketi, na kadiri ilivyo nzito ndivyo inavyochelewa kushika kasi. Kisipobaki kitu, itanguruma palepale." Nyumbani nilijaribu kwa pampu ya baiskeli: maji theluthi ya chupa, kwingine kote hewa. Iliruka nikaipoteza machoni.

Siku ya shindano kila mtoto alirusha mara moja tu. Baba alikuja amevaa suruali yake ya kanisani. Alipoiona chupa yangu, akaona haya mbele ya wazazi wenzake. "Mwanangu, ndo nini hii? Unawapelekea watu wa mjini pungufu?" Akachukua jagi, akamimina maji hadi shingoni. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, lakini ningemkatalia vipi mbele za watu? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia, na guu likavunjika vilevile. "Sawa, baba," nikasema, nikajaza upepo. Kizibo kikachomoka, maji yakafoka, chupa ikainuka kimo cha goti, ikalala ubavu. Watu wakacheka. Nililia mpaka nikatapika.

Leo nalima mteremko uleule. Binti yangu hunionyesha kwenye simu maroketi ya kweli yakisitasita kabla ya kupaa, na nikikosea hunikatiza bila woga: "Mama, hapo umekosea." Namwonea wivu. Baba amezeeka, na hapiti mwezi bila kuniambia, "Nisamehe, mwanangu. Sikujua." Namjibu kwamba hata mimi sikujua. Nilijua. Hata kiasi cha maji nilikijua.