Mguu Wangu Ndani ya Mtumbwi wa Ndizi

Mpaka leo nikisikia harufu ya ndizi mbivu zilizopondwa pamoja na nyasi, kifundo cha mguu wangu wa kulia huniwasha. Msinicheke bado. Sababu ipo, nami niliwaficha wanangu mpaka walipokuwa na watoto wao.

Tulikaa Kiruruma, miaka ile Wajerumani walipokuwa Bukoba na vita vyao havijaja. Baba alikuwa mtu wa pwani aliyefika na msafara wa nguo na shanga, akafungua duka, akaoa Mnyambo, akasahau kurudi. Kwa hiyo nyumbani kwetu tulisali kwa Kiarabu, tuliuza kwa Kiswahili na kugombana kwa Kinyambo. Nilikuwa na miaka saba hivi, na kwa ubishi hakuna aliyenifikia.

Dada yangu Zuhura alikuwa amechumbiwa na kijana wa Nyaishozi. Mimi ndiye niliyechaguliwa kumtangulia bibi harusi, nikiwa na kikapu kidogo cha buni za kutafuna za kuwakaribisha wageni. Kazi hiyo niliipenda kuliko chakula. Kila jioni nilizunguka uani na kikapu kitupu, nikiwakaribisha kuku.

Wageni wa kuleta mahari walikuwa waje baada ya siku mbili, harusi ifuate miezi miwili baadaye. Nyuma ya nyumba wajomba walikuwa wakikamua ndizi. Baba angekunywa maji yake yangali matamu. Ndugu za mama wangengoja yachachuke yawe rubisi, pombe ya ndizi. Ndizi zilikanyagwa pamoja na nyasi ndani ya gogo refu lililochongwa kama mtumbwi, na hiyo ilikuwa kazi ya wanaume tu. Mwanamke akiingiza mguu, walisema, maji yote yameharibika na lazima yamwagwe.

Walikanyaga huku wakiimba, povu likiwapanda miguuni, na mimi wivu ukinitafuna. Walipokwenda kula, nilikunja nguo yangu nikaingia. Jamani, raha ile! Ulaini ule, ubaridi ule kati ya vidole! Nilicheza mara tatu. Mara ya nne niliteleza, mguu ukapinda kwa ndani, na nikasikia kitu kikilia ka, kama ukuni mkavu.

Nilitambaa hadi kwenye mibuni, nikajifuta kwa majani, ndipo nikapiga ukelele kwamba nimeanguka kutoka juu ya mti.

Mama alimwita Babu Kabyemera, mjomba wake, aliyeunga mifupa ya watu na ya ng'ombe, na aliyependa kusema kwamba ng'ombe ndio wanaosikia. Alikibonyeza taratibu kifundo changu kilichovimba, huku na huku. Kisha akamtuma mama maji ya moto, tukabaki wawili.

"Mjukuu wangu," alisema, "mtu akianguka kutoka juu, mifupa ya hapa huvunjika pande zote ikahama. Itabidi watu wanne wakushike, niuvute mguu, nikufunge mpaka juu ya goti. Harusi ya dada yako utaisikia ikipita. Lakini mtu akiteleza tu, mguu ukapinda, huenda kimepasuka kijifupa cha nje peke yake, nacho kimebaki mahali pake. Hicho hakivutwi. Hufungwa, kikaachwa kijiunge chenyewe. Sasa niambie, ilikuwaje?"

Nilitazama mlango. Nikisema uongo, kikapu changu kimekwenda. Nikisema kweli, mtumbwi mzima utamwagwa, na wakwe wa Zuhura watakaribishwa kwa maji ya kisima. Niliogopa kweli kweli. Mwishowe nilimvuta sikio nikamnong'oneza: "Babu, niliingia mtumbwini."

Mama aliporudi, Babu alimwambia tu, "Huyu havutwi."

Aliniosha mguu mwenyewe, akauzungushia lubugo laini, ile nguo ya gome la mti, akaweka vibanzi vya matete pande mbili, akafunga kwa kamba za mgomba. Alipitisha kidole chini ya kamba kuhakikisha hazibani. Mguu ukapandishwa juu ya gunia la maharage, nami nikaamriwa kuchezesha vidole kila asubuhi.

Siku ya mahari, kutoka kitandani, nilimwona Babu akipokea kibuyu cha kwanza mbele ya watu wote. Alikunywa, akafuta midomo, akaomba cha pili. Ndipo nikapumua.

Zuhura naye alikuwa amewekwa ndani kama mwali, basi tukawa wanawali wawili chumba kimoja. Nilipewa maziwa kila alipopewa yeye. "Hivi wewe umevunjika mguu au unaolewa?" aliniuliza, nami nilijibu kwamba vyote viwili.

Baada ya wiki tatu Babu alinipa fimbo na kunisimamisha. Kila hatua aliuliza, "Inauma?" Nikisema inauma, alisema, "Basi, mpora mpora," pole pole, akanirudisha kitandani bila kunung'unika. Siku niliposema haiumi, alinitembeza mpaka langoni.

Siku ya harusi, Zuhura mwenye miguu yake mizima alibebwa na wanaume wanne kwenye machela, na mimi niliyevunjika nilikwenda kwa miguu mbele yake, kutoka kijito cha Nyaishozi hadi uani kwa bwana harusi, kikapu mkononi. Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nilijua vyote ni vyangu.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza Babu kama kweli angeuvuta ule mguu. Alicheka mpaka akakohoa.

"Kijifupa chako nilikijua kwa vidole kabla sijakuuliza. Tena ulinuka ndizi, na sisimizi walikuwa wameshakufikia."

"Sasa uliniuliza ya nini?"

"Mfupa nilikuwa nimeujua. Mwenye mfupa nilikuwa sijamjua. Kama angenidanganya kuhusu maumivu pia, akakanyaga kabla ya wakati, ningemuunga mara ngapi?"

Nyumba nzima ile hakuna aliyekuwa akiliamini neno langu bila kwenda kuhakikisha. Yeye aliuliza "Inauma?", nikajibu, akaniamini, kila siku, wiki baada ya wiki. Ndivyo nilivyofika Nyaishozi.